Uzi: Wali wa Unguja, kura tatu za Tanganyika na Wazanzibari wa Durban. Serikali inapowaandika watu kwa rangi

Mzee wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam.

Katika jiji la Durban, Afrika Kusini, wako watu wanaoitwa Wazanzibari, ingawa asili ya wengi wao si Unguja wala Pemba. Ni wajukuu na vitukuu vya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, waliokamatwa na manowari za Uingereza katika majahazi ya biashara ya utumwa, wakapitishiwa Unguja, na kuanzia mwaka 1873 wakapelekwa Natal kufanya kazi za mkataba kwa sababu walowezi wa huko walikuwa wakilia kila siku kwamba hawana vibarua. Sehemu kubwa yao walikuwa Waislamu. Waliweka makazi mahali paitwapo King's Rest, katika eneo la Bluff linalotazamana na bandari, juu ya ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa wafanyabiashara wa Kihindi, wakaendelea kusema Kimakua chao, kuozana na kuzikana.

Makaburu walipoingia madarakani na kutaka kila mtu awe na rangi yake katika daftari, watu hawa waliwasumbua. Kwa sura na kwa nasaba walikuwa Waafrika, lakini hawakuwa Wazulu, hawakuwa na chifu, na haikuwepo ardhi ya kabila ambako wangeweza kurudishwa kwa kisingizio kwamba ndiko kwao. Dini yao iliwaweka karibu na Wahindi. Baada ya kuzungushwa katika makaratasi, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaandikwa kuwa "Waasia wengine", wakaondolewa Bluff ambako sasa palitengwa kwa ajili ya Wazungu, wakahamishiwa Chatsworth, mji uliojengwa kwa ajili ya Wahindi. Mmakua akawa Mwasia kwa mhuri wa serikali.

Nimeanza na hao kwa sababu kisa chao kinabeba hoja yangu yote. Serikali inayogawa watu kwa rangi haichunguzi damu ya mtu, bali inapanga foleni: nani atangulie, nani afuate, na nani afike dirishani wakati ghala limekwisha. Wananchi nao huelewa mapema sana kwamba swali la karani, hata likiulizwa kwa maneno ya "wewe ni nani", maana yake ni "wewe upewe nini". Wazanzibari wa Durban hawakuwa wajinga wa asili yao. Mwafrika katika nchi ile alipaswa kutembea na pasi, na polisi aliweza kumkamata njiani kwa kukosa karatasi. Mwasia hakubebeshwa mzigo huo. Uongo wa serikali uliwafaa, nao wakaupokea, na sioni mtu mwenye haki ya kuwalaumu.

Tuiangalie sheria yenyewe, maana wengi huizungumzia bila kujua ilivyoandikwa. Sheria ya Uandikishaji wa Watu ya mwaka 1950 iligawa wakazi wote katika Wazungu, Machotara na wenyeji, hao wa mwisho wakija kuitwa Wabantu baadaye. Mwaka 1959 Machotara nao wakakatwa vifungu saba, na humo ndimo walimotiwa Wahindi, Wachina, Wamalay, "Waasia wengine" na hata "Machotara wengine". Mzungu alielezwa kuwa ni mtu ambaye kwa mwonekano ni Mzungu dhahiri, au ambaye kwa kawaida hukubalika kuwa Mzungu, isipokuwa yule ambaye, ingawa kwa mwonekano ni Mzungu dhahiri, kwa kawaida hukubalika kuwa Chotara. Ukiisoma mara mbili utaona kwamba mfumo uliojidai kusimama juu ya maumbile ulisimama juu ya maneno ya majirani. Mtu mwenye ngozi nyeupe kuliko waziri aliyeitia saini angeweza kuwa Chotara kwa sababu mtaani wanasema hivyo.

Pale ambapo majirani hawakutosha, kulikuwa na kalamu. Kalamu ya risasi ilichomekwa katika nywele za mtu. Ikianguka, hoja ya Uzungu ilipata nguvu, na ikinasa, ilidhoofika. Sandra Laing, aliyezaliwa mwaka 1955 na wazazi ambao wote wawili walikuwa wameandikwa Wazungu, alitolewa katika shule ya bweni ya Wazungu mwaka 1966, akiwa na miaka 10, kwa sababu ya rangi na nywele zake, akaandikwa Chotara. Baba yake alipigana vita vya makaratasi mpaka sheria ikarekebishwa mwaka 1967 ili nasaba ya wazazi ihesabiwe, na binti akarudishiwa Uzungu. Baadaye akaishi na mwanamume Mwafrika, akazaa, na ikambidi aombe mwenyewe kuandikwa tena Chotara ili asitenganishwe na watoto wake. Mtu mmoja alibadilishiwa rangi na serikali mara tatu, na mwili wake haukubadilika hata siku moja. Wala hakuwa peke yake, kwa kuwa mwaka 1985 pekee zaidi ya watu elfu moja walibadilishiwa kundi rasmi katika nchi ile, na sheria ikaendelea kutumika hadi ilipofutwa mwaka 1991.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba hayo ni ya makaburu na sisi hayatuhusu, na ndiyo maana sitaki uzi huu uishie Durban. Uingereza ilitutawala kwa daftari la namna hiyo hiyo, ila lilikuwa na adabu zaidi katika maneno. Sheria za Tanganyika zilimtafsiri "mwenyeji" kuwa ni mtu yeyote wa asili ya Kiafrika, na zikaona haja ya kuongeza kwamba Mswahili na Msomali nao wamo. Nyongeza hiyo haikuwekwa kwa bahati. Iliwekwa kwa sababu walikuwepo watu wa pwani na wafanyabiashara wa Kisomali waliokuwa na hoja nzito za kutaka kuwa nje, nao walikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ilikuwa nini? Chukueni mfano wa sheria ya mwaka 1923 iliyozuia kuwakopesha wenyeji. Mfanyabiashara aliyemkopesha mali Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumlinda mwenyeji asinyonywe na wenye maduka, lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa Kiafrika mwenye duka dogo, mwaminifu na hodari wa hesabu, hakuweza kupata gunia la sukari kwa mali kauli kutoka kwa mwenye duka la jumla, huku jirani yake wa Kihindi akilipata kwa neno la mdomo. Halafu baada ya miaka 30 watu wakaandika vitabu wakishangaa kwa nini biashara yote ilikuwa mikononi mwa Wahindi, wakaeleza kwa tabia za kikabila. Hii ndiyo hasara ya kugawa watu ambayo haionekani kwa haraka: daftari huzaa tofauti, kisha tofauti hiyo hutumiwa kuthibitisha kwamba daftari lilikuwa sahihi.

Shule zilikuwa za aina tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na fedha zilizotumika kwa mtoto mmoja zilipungua kwa kufuata mpangilio huo huo. Hospitali zilifuata njia hiyo. Ngazi za mishahara serikalini nazo zilijua rangi ya mtu kabla ya kujua kazi yake.

Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipangwa upya kwa kile kilichoitwa usawa wa mataifa matatu: wajumbe 30 wasio wa upande wa serikali, 10 Waafrika, 10 Waasia na 10 Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu walikuwa kama elfu 20. Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 na masharti ya kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja kwa kila rangi, na mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyeacha nafasi moja wazi, kura yake iliharibika. Ili uandikishwe ulihitaji umri wa miaka 21 pamoja na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa.

Katika mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, wanachama wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa halali kabisa. Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki, na historia ya chama ikauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao, akatoka na kuanzisha chama chake. Kilichofuata kinanifurahisha kila nikikisoma. Kura tatu zilibuniwa ili kila rangi ijilinde, lakini kwa kuwa mpiga kura Mwafrika alilazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia, yeye ndiye aliyeamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi. TANU ikawaunga mkono watu kama Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa, wakapita. Karani alichora mistari mitatu ili kuigawa kura, wananchi wakaitumia mistari hiyo hiyo kuikusanya.

Ila tusijipake mafuta sana. Wakati huo TANU yenyewe haikumpokea mwanachama asiye Mwafrika. Sophia Mustafa aliyepita kwa kura zilizopigiwa debe na TANU hakuweza kuwa na kadi ya TANU, na mlango huo ulifunguliwa baada ya uhuru. Chama kilichokuwa kikipinga daftari la mkoloni kilikuwa na daftari lake mlangoni. Najua kulikuwa na sababu, na kwa mwaka 1954 sababu zile zilikuwa na mantiki, lakini ni vyema ziandikwe.

Sehemu ya Unguja nitaileta jioni, maana inahitaji mkono mwepesi.

Mpita Njia wa Kahama

Mkuu, shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho na nimejifunza, lakini nina swali la heshima. Leo Tanzania hatuulizani rangi wala kabila katika sensa, na tumeishi hivyo kwa amani. Kufukua mambo haya hakutatufundisha vijana kuanza kuhesabiana? Mimi kabila langu nilikumbushwa nilipokwenda kuandika maelezo kituoni kama shahidi wa ajali ya bodaboda. Baada ya jina na umri, askari akauliza kabila, nikajibu, akaandika, tukaendelea. Sikuona kama limebadilisha chochote.

Mzee wa Ngamiani

Marahaba, kijana wangu. Swali lako ni zuri, na mfano wako wa kituoni ni mzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu unaonyesha kwamba swali linaweza kubaki katika fomu miaka mingi baada ya kazi yake kwisha. Uliulizwa kwa kuwa fomu ina nafasi hiyo. Halikubadilisha kitu kwa sababu siku hiyo hapakuwa na kitu cha kugawa. Subiri siku kitakapokuwepo.

Sasa nije Unguja, ambako kitu cha kugawa kilikuwa wali.

Katika sensa za Waingereza, kabla ya vita, wakazi wa visiwani walipangwa katika Waarabu, Wahindi, Waswahili, Wahadimu, Watumbatu, Wapemba, Washirazi na makabila ya bara. Mwaka 1924 watu zaidi ya elfu 30 walijiandikisha kuwa Waswahili. Mwaka 1931 waliobaki walikuwa kama elfu 2 tu. Hapakuwa na tauni wala hijra. Watu walikuwepo, katika nyumba zile zile za Ng'ambo na mashamba yale yale, ila walikwisha kuona kwamba jina la Mswahili katika daftari la serikali lilikuwa likisomwa kama kizazi cha watumwa kisicho na haki za kudai, wakahamia majina mengine. Naomba nisieleweke vibaya hapa: Ushirazi haukubuniwa na Mwingereza. Ni nasaba ya kale ya pwani hii, na wazee waliisimulia kabla ya mzungu wa kwanza kushuka forodhani. Alichofanya Mwingereza ni kuutia bei.

Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili. Burma, iliyokuwa ikituletea mchele, ilitekwa na Wajapani mwaka 1942, na serikali ya Unguja ikalazimika kugawa chakula kwa kadi. Mgao ulifuata rangi. Waarabu na Wahindi walihesabiwa kuwa watu wa wali, na Waafrika walihesabiwa kuwa watu wa mahindi na nafaka nyingine, kana kwamba tumbo la Mhadimu, aliyelima mpunga tangu enzi za babu zake, halijui wali. Fikirini mama wa Makunduchi amesimama dirishani na kadi yake, jirani yake aliyeandikwa Mwarabu anapimiwa mchele, naye anapimiwa mahindi, na wote wawili wanazungumza lugha moja, wanasali msikiti mmoja, na huenda ni binamu. Siku hiyo kila mwenye akili alijifunza kwamba kabila lake si suala la hadithi za bibi.

Jumuiya ya Washirazi ilikuwa imekwisha kuanzishwa Pemba mwaka 1939. Mwaka 1957 jumuiya mbili, ya Waafrika na ya Washirazi, zikaungana, na chama kilichozaliwa kikabeba majina ya safu zote mbili za daftari: Afro-Shirazi. Upande wa pili, watu wa chama cha Hizbu (ZNP) waliopigania utaifa usio na rangi wakajikuta wanaitwa chama cha Waarabu. Sitaingia katika mabishano ya nani alikuwa sahihi, maana jukwaa hili lina nyuzi za kutosha juu ya hilo na nyingi zimeishia kwa matusi. Ninachosema ni kwamba mwezi Januari 1964, watu waliouawa na watu waliokimbia walitafutwa kwa makundi ambayo kizazi kizima kilikuwa kimefunzwa kuyasoma katika kadi, katika sensa na katika orodha za mgao. Rwanda ilipitia njia hiyo kwa kiwango cha kutisha zaidi. Vitambulisho vilivyoletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, vyenye neno moja lililochapwa kueleza mwenye kitambulisho ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, ndivyo vilivyosomwa vizuizini mwaka 1994.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Uamuzi wa kuondoa swali hilo katika sensa ulikuwa mzuri kwetu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Lakini kutouliza nako kuna gharama zake. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walihimizana kususia sensa wakidai kipengele cha dini kiwekwe, kwa hoja kwamba takwimu zinatajwa hovyo na hakuna wa kuzithibitisha. Ufaransa ina tabia kama yetu, haihesabu rangi za raia wake. Basi mtoto wa Kikomoro wa Marseille akilalamika kwamba vijana wa rangi yake wananyimwa kazi, serikali humjibu kwamba haina takwimu, na ni kweli haina.

Binti Likoni

Hamjambo nyote. Naomba niongeze ya upande wetu, kwa sababu Kenya hatukufuta safu hiyo hata kidogo, na sisi wa pwani tunaijua kwa uchungu.

Wamakonde wa Kwale waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazeeka, na bado serikali haikuwapa vitambulisho kwa sababu Makonde halikuwa kabila la Kenya. Bila kitambulisho huandikishi laini ya simu, hufungui akaunti ya benki, huingii ofisi ya serikali, na ukisimamishwa na askari usiku unalala ndani. Oktoba 2016 waliamua kuondoka Kwale kwa miguu kwenda kumwona rais Nairobi. Wakasikilizwa, wakaandikwa, wakawa kabila la 43. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kuwa kabila la 44. Wapemba wa Kilifi na Kwale, ambao wamevua samaki katika maji haya kwa vizazi kadhaa, walisubiri hadi mwaka 2023.

Mzee, nakubali hoja yako ya foleni, lakini kwa wenzetu hawa kosa halikuwa kuwekwa nyuma. Kosa lilikuwa kutowekwa popote. Mmakonde hakuomba safu zifutwe. Aliomba safu moja iongezwe yenye jina lake. Mtu ambaye hana namba hawezi kufurahia hotuba za kwamba namba ni upuuzi.

Mzee wa Ngamiani

Ahsante sana, binti yangu, umenipa sura ambayo sikuwa nayo. Ni kweli, na inaturudisha kwa Wasomali wa Kenya ya zamani, ambao kisa chao ni kinyume na wengine wote. Sheria ya mwaka 1919 iliwaondoa baadhi yao katika kundi la wenyeji, nao, hasa wa ukoo wa Isaaq, wakaona ni haki yao kuhesabiwa sawa na Waasia. Katika miaka ya 1930 serikali ilipopanga kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji, iliwawekea Wasomali kiwango cha chini kuliko cha Waasia. Wengi tungeshukuru. Wao walikataa, wakafanya kampeni ya kutaka kutozwa kodi kubwa zaidi, kwa sababu risiti ya kodi ya Mwasia ilikuwa ushahidi wa kuwa Mwasia, na ushahidi huo ulifungua milango ambayo fedha peke yake haikuweza kuifungua. Ni watu wachache katika historia waliowahi kuiomba serikali iwaongezee kodi.

Na daftari lile lile lilikuja kuwageukia Wasomali baada ya uhuru, maana mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwaita wote wakahojiwe uraia wao na kupewa kadi ya ziada ambayo Mkenya mwingine hakutakiwa kuwa nayo. Aliyeomba kutofautishwa na wengine mwaka 1936 hakujua kwamba mjukuu wake angetofautishwa.

Kwa hiyo, binti, nadhani tuseme hivi: jambo la kuuliza kwanza ni nani anayejaza nafasi ile, mwenye jina au karani, na la pili ni mlango gani unafunguliwa au kufungwa kwa jibu hilo. Wamakonde walidai mlango wa uraia, na uraia haukupaswa hata kidogo kupita katika kabila.

Mpita Njia wa Kahama

Mzee, swali la mwisho. Afrika Kusini waliteswa na makundi hayo. Mbona mpaka leo wanatumia yale yale, yaani makundi manne ya Waafrika, Machotara, Wahindi na Wazungu, katika ajira?

Mzee wa Ngamiani

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na watu wema wamegawanyika juu yake.

Tangu mwaka 1991 hakuna ofisi Afrika Kusini inayompa mtu rangi. Sheria ya Usawa katika Ajira ya mwaka 1998 inamtaka mwajiri aeleze ana wafanyakazi wangapi wa kila kundi, na mfanyakazi hujaza fomu mwenyewe. Wanaoitetea husema kwamba aliyepokonywa nyumba District Six, mtaa wa Cape Town, kwa sababu aliandikwa Chotara hawezi kufidiwa na serikali inayojifanya haijui neno hilo. Naikubali hoja hiyo. Huwezi kupima kama pengo linapungua ukiwa umetupa kipimo.

Lakini kipimo hicho kina vituko. Wachina wa Afrika Kusini, waliokuwa kifungu cha Machotara chini ya makaburu, walijikuta baada ya mwaka 1994 hawamo miongoni mwa wanaostahili nafuu. Walipewa adhabu ya kuwa si Wazungu, kisha wakanyimwa fidia kwa sababu wanaonekana si weusi. Walikwenda mahakamani, na Juni 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua kwamba kwa madhumuni ya sheria hizo Mchina wa Afrika Kusini amo katika tafsiri ya watu weusi. Magazeti yalicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa kuwa mahakama ilielewa kwamba jambo lililokuwa likiulizwa halikuwa ngozi, lilikuwa ni nani aliyedhulumiwa na sheria ipi.

Na kwa vijana wetu wanaotafuta kazi Johannesburg, fahamuni kwamba sheria hiyo inawahusu raia kwa kuzaliwa au kwa nasaba, na wale waliopata uraia kabla ya tarehe 27 Aprili 1994 au ambao wangeupata kama ubaguzi haungewazuia. Mnyamwezi aliyehamia juzi, awe mweusi kama mkaa, hahesabiwi kuwa mtu mweusi katika taarifa ya mwajiri wake. Wengine hukasirika wakisikia hivyo. Ni jibu sahihi kabisa kwa swali ambalo sheria inauliza.

Nimalizie kwa jibu la kile ulichosema mwanzo, kwamba sisi hayo yalikwisha. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge kadhaa walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika kwanza, na Nyerere akasema serikali yake ingejiuzulu kama Bunge lingekubali uraia wa rangi. Muswada wake ukapita. Katika sheria, safu ilifutwa kweli. Sasa tembea Dar es Salaam. Mwingereza aliugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza ya viwanja vikubwa na bustani kwa Wazungu, ya pili ya maduka na maghorofa kwa Wahindi, ya tatu ya nyumba za udongo na makuti kuanzia Kariakoo, na akaacha Mnazi Mmoja wazi katikati ili Uhindini na Uswahilini visigusane. Baada ya uhuru rangi iliondolewa katika kanda hizo, lakini ukubwa wa viwanja ulibaki, ukapewa majina ya ujazo mdogo (nyumba chache katika viwanja vikubwa), ujazo wa kati na ujazo mkubwa (nyumba nyingi katika viwanja vidogo), na mpaka leo ukienda kuomba kiwanja katika mji wowote wa Tanzania utaulizwa unataka cha ujazo gani, na bei itapangwa kwa kufuata hapo.